Mbio za Saa Tatu Kamili

Mkubwa akipisha, njia hupanuka. Mmeisikia jana harusini, mjomba wa bwana harusi alipoinuka kwenye kiti cha mbele, na leo mmenijia na maswali kabla sijamaliza chai. Vizuri. Endeleeni kuosha hizo tangawizi, mikono ifanye kazi yake na masikio yafanye yake. Methali hii haikuanguka kutoka mbinguni, wala haikutungwa na babu wa mababu asiyejulikana jina. Ilianza katika kijiji cha Vuhambo, huku huku milimani Upare, siku ambayo viongozi saba walikubali kukimbia mbele za watu.

Kwanza mjue desturi ya Vuhambo, maana bila hiyo hamtaelewa lolote. Njia za kule ni nyembamba. Upande mmoja kuna ukingo wa shamba, upande wa pili korongo, na katikati pana nafasi ya mtu mmoja tu. Kwa hiyo wazee wa zamani waliweka utaratibu: mdogo hampiti mkubwa njiani. Humfuata nyuma kwa mwendo wake mpaka mkubwa mwenyewe apende kumpisha. Akipenda, husogea upande wa juu, huiegemeza fimbo yake ukingoni, na hapo aliye nyuma hupita. Fimbo ikiwa mkononi, hupiti. Wala huombi, kwa sababu kumwomba mkubwa njia ni kumtajia umri wake usoni. Kulikuwa na kijana mmoja aliyechelewa kwenye ndoa yake mwenyewe, kwa kuwa njiani alimkuta baba yake mkubwa akiswaga mbuzi anayechechemea. Watu walipoambiwa sababu, hakuna aliyemlaumu, hata bibi harusi.

Mwenyekiti wa kijiji hicho alikuwa Mzee Senkondo, na uenyekiti huo aliushika vipindi vinne mfululizo. Alikuwa na miaka sitini na tisa, magoti mawili yasiyoelewana, na udadisi wa mtoto mdogo. Aliweza kusimama nusu saa akijiuliza kwa nini chemchemi hii ina maji ya baridi na ile ya jirani yake ina maji ya uvuguvugu. Aliuliza kila kitu. Kitu kimoja tu hakuwahi kukiuliza, nacho ni kile kilichokuwa nyuma yake. Tangu siku alipomzika kaka yake mkubwa, kila njia aliyopita alitangulia yeye.

Sasa, vijana wa Vuhambo walikuwa na shida. Waliofeli mtihani wa kidato cha nne, na walioacha shule kwa kukosa sare, kazi yao ilikuwa moja: kubeba tangawizi kichwani hadi gulioni, chini kabisa kwenye tambarare, na kupanda tena mlima mikono mitupu. Namkunda, mwenyekiti wa kitongoji kimojawapo, aliyewahi kufundisha shule kabla ya kuchaguliwa, aliomba ghala la zamani la kahawa ligeuzwe kituo. Wangerudia masomo hapo, na kujifunza useremala na ushonaji. Kuta zilikuwepo na bati lilikuwepo. Palikosekana pa kukaa, vitabu na zana. Vijana arobaini na wawili wakajiandikisha, sita kutoka kila kitongoji, na vitongoji vilikuwa saba.

Msaada ulitoka kwa Bwana Mfinanga, mwenye kiwanda cha mbao kule tambarare. Alikuwa na mabenchi saba marefu yenye meza zake, kila moja la kukaa watu sita, na kwa kila benchi angeongeza sanduku la vitabu na zana. Lakini Bwana Mfinanga alikuwa na donge lake moyoni. Mara ngapi aliitwa kwenye mkutano wa saa tatu, na viongozi wakatokea saa sita wakipangusa midomo? Kwa hiyo akaweka sharti. Kila kitongoji kitoe kiongozi mmoja. Wakimbie kutoka Vuhambo hadi gulioni, na kila atakayevuka kamba kabla ya kengele ya saa tatu, kitongoji chake kitapata benchi. Saa tatu kamili, akasema, si saa tatu ya mkutano. Benchi litakalobaki litakwenda kijiji cha ng'ambo ya bonde, maana nako kuna vijana, na watu wa huko aliwaalika waje wangoje.

Watu wa kitongoji cha Ngofi, anakoishi Mzee Senkondo, walimshauri amwachie mwanawe akimbie. Shauri hilo lilimkera kama punje ya mchanga kwenye wali. Alisema atakimbia mwenyewe, na kwamba miguu iliyowapeleka wao shule bado ipo. Asubuhi ya mbio vijana sita wa Ngofi walikuja kumsindikiza. Mmoja wao alikuwa Nakijwa, binti wa miaka kumi na tisa aliyebeba tangawizi miaka mitatu mpaka utosi ukaota sugu. Aliinama akamfunga mzee kamba za viatu, akazivuta vizuri. Mzee akamwambia, "Jumatatu utakaa kwenye benchi." Aliliahidi jambo hilo kwa moyo wake wote, na Nakijwa aliliamini kwa moyo wake wote.

Saa moja na nusu filimbi ikalia. Viongozi sita wakasimama pale pale, wakamtazama mzee. Mwalimu aliyepuliza filimbi hakushangaa, maana naye ni wa Vuhambo. Mzee Senkondo, aliyezoea kutazamwa, aliona ni jambo la kawaida. Akachomoka na fimbo yake, akaingia njiani wa kwanza, na wenzake wakamfuata mmoja nyuma ya mwingine: Namkunda, mchungaji, imamu, katibu wa ushirika wa tangawizi na wengine wawili.

Mwanzoni mzee alifurahi mno. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, umande uko kwenye majani ya maharage, na yeye, mtu mzima ambaye wajukuu wamemzoea akiota jua, yuko mbele ya mbio. Akatega sikio. Vishindo vilikuwa nyuma yake, lakini havikumkaribia. Akawaza kwamba mchungaji amezidisha kula misibani. Akawaza kwamba katibu wa ushirika ameharibiwa na kiti cha ofisini. Kuhusu Namkunda hakupata la kuwaza, kwa sababu wiki ile ile alimwona akipanda mlima na mtoto mgongoni huku akiimba. Hapo ndipo udadisi ulipomwamkia. Inakuwaje mwanamke anayepanda mlima akiimba, ashindwe kumpata mzee kwenye mteremko?

Akapunguza mwendo, akasikiliza. Vishindo vikapungua. Akaongeza, vikaongezeka. Ajabu iliyoje, akajiambia, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kujaribu mambo, akajaribu. Alikimbia hatua kumi, akatembea hatua tano, akakimbia tena mbili. Nyuma yake viongozi wa Vuhambo, watu wazima wenye mihuri na misahafu yao, walikimbia hatua kumi, wakatembea tano, wakakimbia mbili.

Akajaribu kwenda mbio za kweli, kwa nguvu zake zote, aone kama watabaki. Hawakubaki. Walimfuata bila hata kuhema, na goti lake la kulia ndilo lililobaki. Lilimchoma kwa ndani, naye akapunguza mwendo mpaka ukawa wa kuchechemea. Vishindo navyo vikawa vya kuchechemea. Walikuwa wamefika kwenye daraja la magogo, katikati ya safari.

Mzee akasimama, akageuka nyuma. Sijui kama mnaelewa, lakini kwa mtu aliyetangulia miaka yote hiyo, kugeuka ni kazi. Aliwaona sita wamejipanga kama wanasubiri dawa zahanati. Hakuna aliyetokwa jasho. Mchungaji alitazama mawingu. Imamu aliinama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Namkunda peke yake, aliyekuwa karibu zaidi, hakupata pa kuyaficha macho yake.

"Saa ngapi?" mzee akauliza.

"Saa mbili na dakika ishirini, baba."

Mzee akapiga hesabu kichwani. Nusu ya njia imekula dakika hamsini, na zimebaki arobaini. Kwa mwendo wake, hasa sasa ambapo goti limegoma, kengele italia wote saba wakiwa bado mlimani.

"Namkunda mwanangu, wewe una miaka mingapi?"

"Thelathini na minne, baba."

"Na mimi nina magoti ya miaka mia. Kwa nini hunipiti?"

"Tunakufuata tu, baba. Mwendo wako ni mzuri."

"Mwendo wangu ni wa kobe aliyeshiba. Sikuulizi kuhusu mwendo. Nakuuliza kwa nini hunipiti."

Namkunda aliwatazama wenzake, akakuta kila mmoja ana shughuli yake. Baadaye alisimulia kwamba maneno yale yalimwia mazito kuliko kuomba kura. Alisema taratibu, bila kumtazama usoni:

"Tutapitaje, baba? Fimbo iko mkononi mwako."

Mzee Senkondo akaitazama ile fimbo kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Desturi hiyo aliijua tangu utotoni. Yeye mwenyewe alimfuata kaka yake miaka na miaka, akila vumbi lake na kujiuma ulimi. Lakini tangu kaka yake afe aliisahau, kwa sababu haikumgusa tena. Aliye mbele haoni foleni. Akasimama pale darajani akiifikiria mikutano yote aliyoiendesha, jinsi alivyokuwa akisema neno moja na ukumbi mzima ukanyamaza, naye akiamini kwamba wamekubali. Alimkumbuka Namkunda huyu huyu akifungua mdomo katika kikao na kuufunga tena. Alijua sasa kwamba hakuwa amewashinda watu hawa kwa lolote. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, nasema hivyo kwa sababu mwenyewe alisimulia hivyo, wala hakuificha.

"Na mlinyamaza kwa nini?" akauliza, sauti imeshuka.

"Ukipisha, baba, hutafika kabla ya kengele. Benchi la Ngofi litapotea," Namkunda akajibu. "Hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kukwambia upishe ulipoteze."

Hapo ndipo palipouma. Mzee alimwona Nakijwa akivuta zile kamba za viatu. Jumatatu utakaa kwenye benchi. Akiishika fimbo, vijana wote arobaini na wawili wanakosa, na hakuna atakayemnyooshea kidole, kwa kuwa watu walifuata desturi na desturi haina kosa. Akiiweka chini, thelathini na sita wanapata, na wanaokosa ni wa kwake peke yake, nao watajua ni nani aliyewakosesha. Hesabu hiyo haikuwa ngumu. Kuitenda ndiko kulikokuwa kugumu. Alitazama miguu ya wenzake, miguu mizima iliyokuwa inangoja, na akawaza kwamba kila dakika anayosimama kujionea huruma anaichukua kwa vijana wa watu.

Akasogea upande wa juu. Akaiegemeza fimbo ukingoni, taratibu, isije ikaanguka.

"Piteni," akasema.

Hata hivyo watu wa Vuhambo ni watu wa Vuhambo. Namkunda alipita akiwa ameinama, akasema shikamoo. Mchungaji akasema shikamoo. Imamu, ambaye alipishana naye miaka mitatu tu, naye akasimama aseme shikamoo na kuulizia nyumbani.

"Shikamoo zenu mtaniletea jioni," mzee akafoka. "Sasa hivi kimbieni."

Wakakimbia. Mzee aliwatazama wakishuka kona moja hadi nyingine, migongo sita ambayo katika miaka yote ya uongozi wake hakuwahi kuiona, na akashangaa jinsi walivyo wepesi. Namkunda alikuwa anaruka mawe. Hata katibu wa ushirika, yule aliyemdhania kuharibiwa na kiti, alikuwa anakwenda kama maji. Mzee aliwatazama mpaka wakatokomea, kisha akachukua fimbo yake akaendelea kushuka, hatua kwa hatua, goti likimwambia lake.

Kengele ya gulioni ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti na kugongwa kwa chuma. Aliisikia akiwa bado hajaimaliza miteremko, na paa za vibanda vya gulio ziko mbele ya macho yake. Alihesabu mapigo yote matatu. Angeweza kukaa kwenye jiwe apumzike, maana kilichopotea kimepotea. Lakini alisema moyoni kwamba alitumwa kuvuka kamba, na kamba bado ipo. Akaenda, akaivuka, watu wakapiga makofi kidogo kidogo wasijue ni sawa au si sawa.

Bwana Mfinanga alimpokea kwa kikombe cha maji. Alikuwa ameshaambiwa kwamba mzee aliongoza mpaka darajani, na jambo hilo lilimchanganya. Aliuliza ilikuwaje aliyekuwa wa kwanza akawa wa mwisho.

"Sikuwa wa kwanza," Mzee Senkondo akamjibu. "Hakuna aliyeruhusiwa kunipita, basi. Hayo ni mambo mawili tofauti, nami nimeyajua leo."

Bwana Mfinanga alielezwa desturi ile. Kama benchi la saba lingekuwa bado lake angelitoa, hilo alilisema na watu walimwamini. Lakini wajumbe wa kijiji cha ng'ambo walikuwa wamekwisha kulishika, wawili huku na wawili huku, na furaha yao ilikuwa wazi nyusoni. Mzee hakuomba. Benchi lilipokwama kwenye mlango wa lori, alikwenda akashika mguu mmoja, akawasaidia kulisukuma ndani.

Jioni hiyo alipitia nyumba sita za Ngofi kwa miguu yake mwenyewe. Hakutuma mtu. Kila mlango aliwaeleza vijana na wazazi wao kilichotokea darajani, bila kukipamba wala kumtupia lawama mwingine. Wazazi wengine walinuna, na haki yao. Kwa Nakijwa alifika mwisho. Binti yule hakulia. Alisema, "Haya, babu," akaendelea kufunga mzigo wa tangawizi wa kesho yake. Mzee alisema angalau angelia, ingekuwa nafuu.

Jumatatu kituo kikafunguliwa. Mzee Senkondo aliamua kutohudhuria. Alichukua jembe akaenda zake shambani, ila njia ya shambani kwake inapita nyuma ya ghala lile la kahawa, na ndani alisikia watu wanacheka. Miguu ikasita. Wanacheka nini? Alijikaza apite, akashindwa, maana udadisi hauzeeki. Akazunguka hadi mlangoni, akachungulia.

Aliona mabenchi sita. Akahesabu vichwa vya benchi la kwanza, akapata saba. Akafuta miwani, akahesabu tena, saba. La pili saba. La tatu saba, na mwishoni kabisa mwa hilo la tatu alikaa Nakijwa, nusu yake iko kwenye benchi na nusu iko hewani, mguu mmoja ameukaza sakafuni asidondoke, anaandika.

Mzee aliingia bila hodi. Namkunda aliacha chaki, darasa zima likasimama kumwamkia. Aliitikia haraka haraka, akamgeukia Nakijwa.

"Nani amewaambia mkae hivi?"

"Hakuna, babu," Nakijwa akasema. "Sisi wa Ngofi tulikuja kuchungulia tu dirishani. Wenzetu wakatuona. Huyu hapa akasogea, na yule naye akasogea, nafasi ikapatikana. Mwalimu hakusema kitu."

Aliyekuwa katikati ya benchi hilo, kijana mpana kuliko wote na aliyebanwa kuliko wote, akacheka. "Babu, habari ya darajani ilitufikia," akasema. "Tukaambizana, mkubwa akipisha, njia hupanuka. Sasa tungekaa tumejitanua hapa kwenye benchi ulilotupa wewe?"

Mzee Senkondo alilia, tena mbele ya darasa zima, machozi ya mtu mzima yasiyo na kelele. Kisha aliona amesimama mlangoni na anawazuilia mwanga, akasogea pembeni.

Neno la yule kijana lilitoka ghalani siku hiyo hiyo, likapanda likashuka milima yote ya huku. Nanyi mjihadhari nalo. Wako vijana siku hizi wanalitupa usoni kwa wazee ili wawaondoe vitini, na hao hawajui walisemalo. Methali hii haisemwi na aliye nyuma kumsukuma aliye mbele. Namkunda hakumwomba mzee njia. Alimweleza ukweli alipoulizwa, na mzee akaiweka fimbo chini kwa mkono wake mwenyewe, akijua atapoteza nini. Kwa mkono ule, vijana arobaini na wawili walisoma kwenye nafasi za thelathini na sita, na hakuna hata mmoja aliyekaa chini. Mkubwa akipisha, njia hupanuka.